Siku Moja Jambiani na Watoto, kwa Saa ya Bahari

Mara ya kwanza tulifika Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, usiku. Watoto walilala na nguo za kuogelea mwilini ili asubuhi wasipoteze muda. Saa 4, baada ya chai, tukafungua mlango wa uani tukateremka pwani na ndoo, maboya na mpira, na bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga mweupe, madimbwi, majani ya kijani yamelala chini, akina mama wameinama mbali huko, na mstari mweupe wa mawimbi yakipasuka mwambani kama kilomita moja mbele yetu. Kitindamimba wangu akauliza, "Mama, bahari imekwenda wapi?" Mimi mzaliwa wa Dodoma. Sikuwa na jibu.

Bibi mwenye nyumba alikuwa barazani anasuka ukili. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo bamvua. Yatarudi yenyewe alasiri, mpaka hapa kwenye ngazi. Waache watoto wakatembee."

Tangu siku hiyo tumerudi mara kadhaa, na karibu yote niliyojifunza yamo katika jibu lile. Siku ya pwani inaharibika mnapoipangia saa za mjini: kifungua kinywa saa 2, kuogelea saa 3, boti saa 5. Ikitundikwa kwenye maji yenyewe, inajipanga bila kelele. Huu ndio utaratibu wetu, wa familia yenye watoto wa miaka 4 hadi 13 na nyanya yao ambaye hataki kulowa.

Usiku kabla ya siku yenyewe: uliza mwezi uko ngapi

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Kiwengwa kushuka Bwejuu, Paje, Jambiani hadi Makunduchi, imekingwa na mwamba uliojitenga na ufukwe. Kati ya mwamba na ufukwe maji ni ya kina kifupi, kwa hiyo yakipwa, eneo kubwa hubaki wazi. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, bahari inaingia kina haraka na watu huogelea karibu wakati wote. Kama mnachotaka ni kuogelea tu kutwa nzima, nendeni huko, na mwongozo huu hamuuhitaji.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, huwa bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu: bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo.

Sasa jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema. Katika bahari yetu hii, bamvua ina saa zake. Maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4 au saa 5, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume: yanajaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri. Kwa hiyo huhitaji hata simu. Tazama kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, ambayo Zanzibar haikosekani dukani wala nyumbani. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo, hesabu bamvua. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24, hesabu maji mafu. Ukitaka dakika kamili, tafuta jedwali la maji la bandari ya Zanzibar au Dar es Salaam. Na ukitaka uhakika, muulize mvuvi yeyote, maana yeye ratiba yake nzima imekaa juu ya jambo hilo.

Siku ninayoieleza hapa ni ya bamvua. Kwa watoto naiona ndiyo bora, kwa sababu mnapata bahari mbili: ya kutembea asubuhi na ya kuogelea alasiri.

Kapu moja, basi

Tulizoea kubeba mabegi matatu kwenda mwendo wa hatua hamsini. Siku hizi ni kapu moja la ukili. Ndani: maji ya kunywa ya kutosha, kanga tatu (ya kukalia, ya kujifutia, ya kujitanda), kofia za watu wote, krimu ya kuzuia jua, chupa ndogo ya siki, kibanio cha nyusi, na ndizi. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, imepigwa marufuku.

Viatu ndiyo habari kubwa. Kandambili hazifai: zinanasa topeni, zinavuka mguuni, na mtoto anaendelea peku. Mnunulie kila mtu yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, au raba kuukuu ambazo hamtazisikitikia. Nitaeleza sababu mbele.

Kuhusu krimu, najua wapo watakaosema ngozi yetu haihitaji. Unguja iko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua linakaa utosini, na maji na mchanga mweupe vinalirudisha usoni. Mwanangu mwenye weusi wa kung'aa alibanduka ngozi mabegani siku ya pili. Fulana ya mikono mirefu inasaidia kuliko krimu, nayo haihitaji kupakwa tena kila baada ya saa mbili.

Alfajiri hadi saa 3: msiwaamshe, lakini wewe amka

Jua la Jambiani linatoka baharini. Toka mwenyewe na kikombe cha chai, kaa ngazini. Maji bado yapo juu yanaanza kuondoka, na ngalawa zimeelea karibu. Hii ndiyo nusu saa ya mzazi katika siku nzima, usiwagawie watoto.

Chai ya familia iwe nzito: chapati au vitumbua, mayai, mihogo ikiwepo. Halafu, kabla ya mtu yeyote kuvaa kiatu, agizeni chakula cha mchana. Nasema kwa herufi zote. Migahawa midogo ya kijijini haipiki mpaka umeagiza. Pengine samaki wenyewe bado hawajafika. Ukiagiza saa 3 asubuhi kwamba utakula saa 7, utakula saa 7. Ukifika saa 7 na watoto wenye njaa ndipo unaanza kusoma orodha ya vyakula, utakula saa 9 na utakuwa umegombana na mwenzio. Sisi huagiza wali wa nazi, pweza wa nazi au changu wa kupaka, na kwa yule asiyekula samaki, maharage. Uliza bei hapohapo na iandike.

Saa 3 hadi saa 5: tembeeni chini ya bahari

Ondokeni kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Siku ya bamvua ni takriban saa 3. Mnayafuata maji yakitoka, mnasimama yanaposimama, na yakianza kurudi nanyi mnarudi. Kanuni hii ya mwisho haina mjadala. Maji hayarudi kama ukuta. Yanapita kwanza kwenye vijito na mabonde nyuma yenu, na mtu mzima anayatambua yakiwa gotini wakati mtoto wa miaka minne yako kifuani kwake. Nimeweka kengele kwenye simu wakati wa kupwa. Ikilia, tunageuka, hata kama kuna mtu ameona kitu kizuri zaidi kule mbele. Huwa yupo.

Mwendo uwe wa kobe. Kwanza mtakuta mashamba ya mwani: safu za vigingi vifupi vilivyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa vichipukizi. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na hapa Jambiani, na walio wengi shambani ni wanawake. Mwani huvunwa baada ya kama wiki sita, unaanikwa, na mwingi unasafirishwa nje, ambako hutolewa kitu cha kufanya dawa za meno na vyakula vya maziwa viwe vizito. Siku za bamvua ndizo siku zao za kazi, kwa sababu ndipo shamba linapofikika. Kwa hiyo wale akina mama hawapo pale kwa ajili ya picha. Salimieni, "Hamjambo, za kazi?", msikanyage kamba, msivuke katikati ya safu. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza, na ukikataliwa shukuru upite. Binti yangu mkubwa aliwahi kuomba kusaidia kufunga, akaonyeshwa fundo, akafunga kamba moja kwa muda ambao mwenyeji wake alifunga nne. Ilimchukua siku nzima kuacha kulizungumzia.

Mbele ya mashamba yapo madimbwi, na hapo watoto watachutama. Wataona kiti cha pweza, chekundu au cha kahawia, mikono mitano. Wataona jongoo bahari, kaa, visamaki vyenye mistari, pengine mvuvi na fimbo yake akimchokoa pweza shimoni. Tunatumia sheria moja: macho na maswali, mikono nyuma. Kiti cha pweza kikitolewa majini kwa ajili ya picha kinaumia, kinaweza kufa. Makonokono yenye gamba la umbo la koni, yenye madoadoa ya kupendeza, yana mwiba wa sumu hatari kwa mtu. Mtoto hawezi kutofautisha, kwa hiyo hagusi gamba lolote, basi. Hata makombe matupu tunayaacha. Kaa wadogo huyahamia.

Sababu ya viatu ni wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano, wanaojibana kwenye mawe na majani. Mwiba ukiingia unakatikia ndani. Toa unayoweza kuifikia kwa kibanio, osha, usichimbe. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, na nimeona ukituliza. Mtoto akichomwa na samaki aitwaye taa au mwingine mwenye mwiba, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia bila kumbabua, kisha mpelekeni kituo cha afya. Siki ni ya konyeza, yule mnyama laini kama uteute anayeelea majini na kuwasha: mwagia palipowashwa, usisugue.

Nyanya yetu haendi matembezini. Anakaa chini ya mnazi na kanga yake, akiisha kuhakikisha hakuna nazi juu yake. Hilo la nazi si utani.

Saa 5 na nusu hadi saa 8: ingieni kivulini mkae

Hapa ndipo wageni wengi wa bara wanapokosea. Wanasema wamelipia bahari, lazima waitumie. Jua la saa 6 halina faida yoyote kwa mtu. Rudini, oga maji kidogo (maji baridi kijijini si ya kuchezea, na ya visima vingi yana chumvichumvi), kunyweni madafu, kaeni.

Kwa watoto wasiolala, chimba bao kwenye mchanga wa kivulini: safu nne, mashimo manane kila safu. Bao kamili linataka kete 64, na kete zenyewe zinapatikana bure, kwa sababu mkomwe huota kwenye vichaka vya pwani na komwe zake za kijivu ndizo kete za asili. Onyo: ganda la mkomwe lina miiba, okoteni zilizokwisha kudondoka. Kama hamjui bao la kujua, chezeni sheria nyepesi za kuzungusha kete tu. Akipita mzee wa hapo, atasimama, ataguna, kisha atakaa kuwarekebisha. Kwetu ilitokea mara mbili, na mara zote mbili chakula kilipoa.

Kula saa 7. Kisha kila mtu alale au anyamaze.

Mkitoka kwenda dukani, vaeni nguo. Nasema na akina baba pia, wanaopita kifua wazi katikati ya nyumba za watu. Jambiani ni kijiji, watoto wanakwenda chuoni, yaani madrasa, na juzuu zao mkononi, na njia ya dukani inapita milangoni. Kanga moja mabegani na nyingine kiunoni zinatosha. Ikiwa ni Ramadhani, kuleni na kunyweni ndani au sehemu za wageni, na tegemeeni kwamba migahawa mingi ya kijijini itafunguliwa magharibi.

Saa 8 hadi saa 11: sasa ogeleeni

Karibu na saa 8 maji yanafika gotini, ya uvuguvugu, yametulia kwa sababu mwamba unayavunja mawimbi kule nje. Hii ni saa ya wadogo. Saa 9 ni ya wanaojifunza kuogelea. Saa 10 bahari imefika kwenye ngazi kama alivyosema bibi, ufukwe umebaki utepe, na wakubwa wanaruka kutoka ukutani. Maji yakiwa hivi, mdogo awe mkononi mwa mtu mzima.

Tuna kofia ya zamu. Ni kofia moja mbaya ya manjano, na aliyeivaa haongei na simu, hasomi, hasinzii. Kazi yake kuhesabu vichwa. Baada ya nusu saa anamvika mwingine na kusema kwa sauti, "Watatu, wote nawaona." Tuliianzisha baada ya siku ambayo baba alidhani mama anaangalia, mama akadhani shangazi, na shangazi alikuwa amelala. Tulimkuta mtoto na wavulana wa kijiji wakifukuza kaa, hana habari. Dakika kumi zile sitaki kuzirudia. Na maboya ya kujaza upepo ni midoli, yasiwape usingizi.

Saa 11 maji yanaanza kuondoka kwa nguvu kuelekea kwenye mlango, yaani pengo la mwamba ambalo vyombo hupitia. Watoto watoke. Watalalamika. Andaa muwa au embe.

Mkitaka ngalawa, nendeni kati ya saa 8 na saa 10, maji yakiingia, ili chombo kirudi hadi ufukweni badala ya kuwashusha mbali mkatembea na mtoto mgongoni. Ngalawa huchongwa kwa gogo, mara nyingi la mwembe, na ina mbao mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke. Patana kabla ya kupanda: bei ni ya chombo au ya kichwa? Muda gani? Jaketi za kuokolea zipo za watoto? Hazipo, hamwendi, hata nahodha akiapa kwamba babu yake hakuwahi kuvaa. Katika miezi ya kusi, upepo utokao kusini, hasa Juni hadi Agosti, upepo wa upande huu ni mkali; muulize nahodha mwenyewe anaionaje bahari, na akisita, ahirisheni. Chombo kimoja kwa siku kinatosha. Kima punju wa msitu wa Jozani, Mji Mkongwe na mashamba ya viungo vina siku zao.

Jioni

Msitegemee jua kuzama baharini; huku linazama nyuma ya minazi na nyumba. Lakini mkiwa hapo tarehe 14 au 15 ya mwezi, geukeni mashariki wakati wa magharibi. Mwezi mpevu unatoka majini, mwekundu kwanza. Hiyo ndiyo burudani ya usiku, haina kiingilio.

Kukung'uta mchanga kufanyike nje, kila mtu na nguo zake. Chakula chepesi: mihogo ya kuchoma, chai, samaki aliyebaki. Watoto wakiweza kukesha hadi saa 4 usiku, wapelekeni ngazini waone taa zikitembea kule mbali mchangani. Maji yamepwa tena, na watu wamekwenda kutafuta kitoweo.

Mkikuta maji mafu

Geuzeni siku. Ogeleeni asubuhi kuanzia saa 2 hadi saa 5, maji yakiwa juu na jua bado halijakomaa. Chakula na usingizi vibaki palepale. Alasiri maji yanapungua ila hayaondoki mbali, kwa hiyo matembezi ni mafupi: madimbwi ya karibu, kujenga mchangani, mpira na wenyeji. Mashamba ya mwani mengi hamtayaona wazi, na ngalawa itafutwe asubuhi.

Na kama mnakaa siku kadhaa, kila jioni sogezeni kila kitu mbele kwa dakika 50, isipokuwa chakula cha mchana. Hicho kiagizwe saa 3 asubuhi.